Anzeni na Mzigo, Malizieni na Gari

Ifuatayo ni hotuba iliyotolewa na Afisa Habari wa Halmashauri katika mkutano wa wananchi wa kata, baada ya vikundi vya vijana waendesha bodaboda kuomba ushauri kuhusu ununuzi wa pikapu na tela la kubebea pikipiki. Inachapishwa kwa ukamilifu kwa manufaa ya wakazi wa kata zote.



Nimepewa nafasi ya kuzungumza nanyi juu ya jambo ambalo kwa mtazamo wa kwanza linaweza kuonekana si la Halmashauri, nalo ni namna ya kuchagua pikapu ya kuvuta tela la pikipiki. Naomba nieleze kwanza kwa nini tumelileta hapa.

Katika maombi ya mikopo yanayofika ofisini kwetu, vikundi vya vijana vimeanza kuandika ombi linalofanana. Wanataka pikapu moja na tela moja. Kazi wanayoikusudia ni njema. Pikipiki mpya zinanunuliwa Iringa mjini, na anayezinunua anaishi kilomita nyingi kutoka barabara ya lami. Pikipiki zilizoharibika zinalala vijijini wiki nzima kwa sababu fundi mwenye vifaa yuko mjini. Kikundi chenye chombo cha kuzibeba kitapata wateja, na wateja hao watapata huduma ambayo leo hawana.

Lakini nilipoyasoma maombi hayo pamoja na wenzangu wa Idara ya Maendeleo ya Jamii, tuliona upungufu uleule katika karibu kila ombi. Aina ya gari imetajwa, rangi imetajwa, hata mahali linapouzwa pametajwa. Uzito wa mzigo haukutajwa popote. Hakuna aliyeandika tela litakuwa na uzito gani, wala kama litakuwa na breki.

Mimi si fundi. Taaluma yangu ni habari, na kazi yangu ni kuuliza wanaojua kisha kuyaleta majibu kwenu kwa lugha ya kueleweka. Nimeuliza mafundi, nimewauliza askari wa usalama barabarani, nimesoma vitabu vya watengenezaji wa magari. Kuuliza si ujinga. Nitakayoyasema leo yanatoka huko.

Fedha hii ni ya nani

Nianze na fedha, kwa kuwa ndiyo iliyotukutanisha. Sheria ya Fedha za Serikali za Mitaa, Sura ya 290, katika kifungu cha 37A, inaitaka kila halmashauri itenge asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa ajili ya mikopo isiyo na riba. Asilimia 4 ni ya wanawake, asilimia 4 ni ya vijana, na asilimia 2 ni ya watu wenye ulemavu.

Mapato ya ndani maana yake ni ushuru wa mazao mnaoulipa, ada za leseni za biashara zenu, ushuru wa soko na wa stendi. Kwa hiyo mkopo wa kikundi cha vijana umetoka mfukoni mwa mama anayeuza nyanya. Na unaporudishwa, haurudi kulala benki. Unakwenda kwa kikundi kinachofuata ambacho nacho kinasubiri. Gari lililochaguliwa vibaya likiharibika mwezi wa nne, wanaoumia si wanachama wale peke yao. Anaumia pia yule aliye nyuma yao kwenye foleni.

Hilo ni upande wa fedha. Upo upande mwingine ulio mzito zaidi.

Msimu wa mvua uliopita nilikuwa safarini na gari la ofisi katika barabara moja ya changarawe ya wilaya hii. Kwenye mteremko tulikuta pikapu imelala mtaroni, na juu ya bodi yake limepanda tela lenye pikipiki tano. Kwa rehema za Mungu hakuna aliyefariki. Kijana mmoja alivunjika mfupa wa bega. Nilipomsaidia dereva kukusanya vitu vyake, aliniambia maneno ambayo sijayasahau: "Kaka, gari lilikuwa na nguvu. Tumepanda milima yote bila shida. Lilichokataa ni kusimama."

Ndugu wananchi, mkisahau mengine yote ya leo, hilo msilisahau. Wengi wetu tunapochagua gari la kuvuta huuliza kama lina nguvu ya kuvuta. Swali la kwanza linapaswa kuwa kama lina nguvu ya kusimama, likiwa na tela nyuma, kwenye mteremko, barabara ikiwa imelowa. Kwa wilaya yenye miinuko kama yetu, ambako kila safari ya mjini inapita mteremko wa Ipogolo au mwingine unaofanana nao, swali hilo ni la uhai.

Hatua ya kwanza: pimeni mzigo

Sasa tuhesabu pamoja. Pikipiki nyingi za bodaboda mnazozijua, zenye injini ya sentimita za ujazo 100 hadi 150, zina uzito wa kati ya kilo 110 na 130. Tuchukue kilo 125 ili tusijidanganye. Mkitaka uhakika, ipandisheni pikipiki kwenye mizani ya ghala la mazao la chama chenu cha ushirika. Mizani inayopima gunia itapima na pikipiki.

Tela tupu la chuma, la ekseli moja, linalotengenezwa na mafundi wetu wa kuchomelea, lina uzito unaotegemea vyuma vilivyotumika. Tuseme la pikipiki tatu lina kilo 300. Pikipiki tatu ni kilo 375. Jumla ni kilo 675.

Tuongeze iwe pikipiki nne, na tela lirefushwe kidogo hadi kilo 350. Pikipiki nne ni kilo 500. Jumla ni kilo 850.

Tuseme sita. Pikipiki pekee ni kilo 750, na tela la kuzibeba haliwezi kuwa jepesi. Tuliwekee kilo 500. Jumla ni kilo 1,250, yaani tani moja na robo inayokufuata nyuma.

Kwa nini nahangaika na hesabu hizi? Kwa sababu vitabu vya pikapu nyingi vinatoa tarakimu mbili za uzito wa kuvuta, wala si moja. Ya kwanza ni ya tela lenye breki zake lenyewe, na ya pili ni ya tela lisilo na breki. Kwa pikapu nyingi za kisasa, kama Toyota Hilux, Ford Ranger, Isuzu D-Max na Nissan Navara, tarakimu ya kwanza hufika kilo 3,500 kwa baadhi ya matoleo. Tarakimu ya pili kwa kawaida ni kilo 750 tu.

Hapo ndipo watu wanapopotea. Muuzaji atakuambia gari hili linavuta tani tatu na nusu, naye hasemi uongo. Lakini hakuongeza kwamba tela liwe na breki. Rudini kwenye hesabu yetu: pikipiki tatu zimo ndani ya kilo 750, pikipiki nne zimekwisha kuvuka. Kwa maneno mengine, kikundi kinachokusudia kubeba pikipiki nne au zaidi lazima kinunue au kitengeneze tela lenye breki, na gharama ya breki hizo iandikwe kwenye andiko la mradi tangu siku ya kwanza.

Je, tela linahitajika kweli?

Kabla hatujaendelea, naomba niulize swali ambalo huenda likawaokolea baadhi yenu fedha nyingi. Mnabeba pikipiki ngapi kwa safari ya kawaida?

Kama jibu ni moja au mbili, huenda hamhitaji tela kabisa. Pikipiki ya bodaboda ina urefu wa mita mbili hivi. Bodi ya pikapu yenye kebini moja ina urefu unaozidi mita mbili, kwa hiyo pikipiki mbili husimama ndani yake na mlango wa nyuma ukafungwa. Bodi ya pikapu yenye kebini mbili ina takribani mita moja na nusu. Pikipiki itakaa kwa mshazari au itaning'inia nje.

Vijana wengi wanapenda kebini mbili kwa kuwa inapendeza na inabeba watu. Sikatai. Lakini kazi mliyoiandika kwenye ombi ni kubeba pikipiki. Kwa kazi hiyo, pikapu ya kebini moja mara nyingi ina bei nafuu zaidi, inabeba zaidi, na inaweza kuwaondolea gharama ya tela, usajili wake, matairi yake na hatari zake. Kikundi kinaweza kuanza hivyo, kikalipa nusu ya mkopo, na tela likaja baadaye biashara ikilidai.

Hatua ya pili: gari lenyewe

Tuseme sasa mmehesabu, na tela linahitajika. Ni gari la namna gani litakalolivuta?

La kwanza ni uzito wa gari lenyewe. Tela zito nyuma ya gari jepesi ni sawa na mbwa anayeongozwa na mkia wake. Kirikuu tunachokiona kila siku sokoni ni chombo kizuri kwa kazi yake. Kina injini ya sentimita za ujazo 660, kimeundwa kubeba kilo 350, na chenyewe kina uzito wa kilo mia saba hivi. Mkikifungia tela la pikipiki tatu lenye kilo 675, mmekifungia mzigo ulio sawa na mwili wake. Kanuni inayotumiwa katika nchi kadhaa ni kwamba tela lisilo na breki lisizidi nusu ya uzito wa gari tupu. Ni kanuni ya busara hata pale ambapo hakuna anayekulazimisha kuifuata.

Najua kuna atakayesema kwamba amewaona watu wakivuta hivyo mwaka mzima na hawajapata ajali. Huenda ni kweli. Lakini breki hazitoi taarifa ya mwaka mzima. Zinaulizwa siku moja, mtoto anapokatiza barabara kwenye mteremko, na siku hiyo zinatakiwa kujibu.

La pili ni injini. Kwa kuvuta, injini ya dizeli inafaa zaidi kwa kuwa inatoa msukumo mkubwa ikiwa inazunguka polepole. Na hapa kuna jambo linalotuhusu sisi watu wa nyanda za juu. Iringa mjini ni zaidi ya mita 1,500 kutoka usawa wa bahari, na baadhi ya vijiji vyetu viko juu zaidi. Hewa ya huku ni nyepesi. Injini isiyo na tabo hupoteza takribani asilimia moja ya nguvu kwa kila mita 100 za mwinuko, kwa hiyo gari lililojaribiwa Dar es Salaam likaonekana lina nguvu litafika kwetu likiwa limepungukiwa na sehemu moja kati ya saba hivi. Injini yenye tabo haiathiriki kwa kiasi hicho. Pikapu za zamani zisizo na tabo zinadumu na ni rahisi kutengeneza, lakini msizipangie mzigo wa Pwani kwenye milima ya huku.

La tatu ni mfumo wa kupoza injini. Kuvuta tela mlimani ni kuifanyisha injini kazi ngumu kwa muda mrefu huku gari likienda polepole na upepo ukiwa mdogo. Rejeta iliyoziba, ambayo bila tela haijaonyesha dalili yoyote, itachemsha maji hapo hapo. Kama gari ni la gia za kujiendesha zenyewe, muulizeni fundi juu ya kipoza mafuta ya giaboksi. Kama ni la gia za mkono, muulizeni hali ya klachi, kwa sababu kuondoka mlimani na tela ndiko kunakoimaliza.

La nne ni chesisi na springi. Ulalo wa gari unapovuta huonyesha mengi. Gari likiinamia nyuma mpaka taa zikaangaza juu ya miti, springi zimechoka au mzigo umekaa vibaya, na magurudumu ya mbele yamepunguziwa uzito yanaouhitaji ili usukani utii. Ingieni chini ya gari muitazame chesisi kwa tochi. Magari mengi ya mitumba yametoka nchi ambako chumvi humwagwa barabarani wakati wa theluji, na chumvi hiyo huila chesisi kutoka ndani huku rangi ya nje iking'aa.

La tano ni gari linalosukumwa na magurudumu yote manne. Kwa barabara zetu wakati wa masika, ni msaada mkubwa. Lakini lisiwadanganye: magurudumu manne husaidia kutoka kwenye tope, hayasaidii kusimama.

Hatua ya tatu: kiungio na breki za tela

Sehemu inayounganisha gari na tela ni ndogo kuliko ngumi, na ndiyo inayoshika kila kitu. Chuma cha kuvutia kifungwe kwenye chesisi kwa boliti, kamwe kisichomelewe kwenye bampa. Bampa limeundwa kupokea kishindo, halikuundwa kuvuta tani.

Kichwa cha duara cha kuvutia kina vipimo tofauti. Kipo cha milimita 50, kipo cha inchi 2 ambacho kinakaribia sana hicho cha kwanza lakini si sawasawa, na kipo kidogo zaidi. Kikombe cha tela kisichokifaa kichwa chake kitakaa vizuri mkiwa mmesimama, kisha kitachomoka kwenye shimo la kwanza. Kipimo kimepigwa muhuri kwenye chuma chenyewe, kisomeni. Pamoja na hayo, tela liwe na minyororo miwili ya usalama iliyopishana chini ya mkono wake, ili kikombe kikichomoka mkono usichimbe barabara.

Kuhusu breki za tela, zipo za aina mbili zinazotumika sana. Ya kwanza ni ile inayofanya kazi kwa msukumo. Gari linapopunguza mwendo, tela husukuma mbele, na msukumo huo huvuta kebo au fimbo inayofunga breki za magurudumu ya tela. Haihitaji umeme na mafundi wetu wanaielewa. Ya pili ni ya umeme, nayo inahitaji kifaa cha kuiongoza ndani ya gari. Kwa mazingira yetu, ile ya kwanza ni rahisi kuitunza. Yoyote mtakayoichagua, iwe na kebo ya dharura inayofunga breki za tela endapo litachomoka.

Hatua ya nne: kupakia

Tela zuri na gari zuri vinaweza kuharibiwa na upakiaji. Mkipakia uzito mwingi nyuma ya ekseli, mkono wa tela hunyanyuka, na mwendo ukiongezeka tela huanza kuyumba kama mkia wa samaki. Dereva akikanyaga breki kwa nguvu, hali huwa mbaya zaidi. Mkipakia mbele kupita kiasi, gari huinama nyuma.

Kipimo kinachoshauriwa ni kwamba uzito unaokalia kichwa cha kuvutia uwe karibu sehemu moja kati ya kumi ya uzito wote wa tela. Kwa tela la kilo 850, ni kilo 85. Wekeni mkono wa tela juu ya mizani ileile ya ghala, kwa kimo kilekile utakachokuwa nacho likiwa limefungwa kwenye gari, mtaona jibu. Pikipiki zisogezwe mbele au nyuma mpaka kipimo kipatikane, kisha sehemu hizo zitiwe alama kwa rangi ili msipime tena kila siku. Na kumbukeni kuwa kilo hizo 85 ni mzigo wa gari. Zipunguzeni kwenye kiasi mnachopakia ndani ya bodi.

Kila pikipiki ifungwe kwa mikanda minne, miwili mbele na miwili nyuma, gurudumu la mbele likiwa limeegemea kizuizi. Mikanda ya mbele ivutwe mpaka shokamzoba zishuke kidogo, zisishuke zote. Kamba ya katani hulegea ikikauka na hukatika ikisuguana na chuma. Baada ya kilomita kumi za mwanzo, simameni mkague mikanda, kiungio, nati za magurudumu na joto la bearingi. Dakika tano hizo zimeokoa wengi.

Na mwendo. Mwendo ukiongezeka maradufu, umbali wa kusimama kwa breki huongezeka mara nne. Mteremkoni tumieni gia ndogo tangu juu, kabla gari halijakimbia, kama wafanyavyo madereva wa malori pale Kitonga. Breki inayokanyagwa mfululizo hupata moto, na breki yenye moto haishiki.

Nyaraka

Hapa nitapita haraka. Gari lisajiliwe kwa jina la kikundi, lisiwe la mwenyekiti wala la mweka hazina. Migogoro mingi tuliyoisuluhisha ilianzia kwenye jina moja lililoandikwa kwenye kadi. Namba ya chesisi iliyo kwenye gari ilinganishwe na iliyo kwenye kadi kabla ya senti moja kutoka. Tela nalo lisajiliwe Mamlaka ya Mapato Tanzania na liwe na namba yake. Bima iwepo, na kampuni ya bima iambiwe wazi kwamba gari litavuta tela kwa biashara. Mkificha hilo, siku ya ajali mtabaki na karatasi. Kwa kuwa mtabeba mizigo ya watu kwa malipo, mtahitaji leseni ya LATRA. Dereva awe na leseni ya daraja linaloendana na gari na kazi hiyo, na askari wa usalama barabarani wako tayari kuwaelekeza.

Kabla hamjatia saini

Vijana wenzangu, naomba kikundi kinachokusudia mradi huu kije ofisi ya Maendeleo ya Jamii ya Kata kikiwa na majibu matano kwenye karatasi moja. Kwanza, mnabeba pikipiki ngapi kwa safari ya kawaida, si ile ya siku moja ya sikukuu. Pili, jumla ya uzito wa tela likiwa limepakiwa, kama mlivyoupima. Tatu, tela litakuwa na breki au halitakuwa nazo, na kwa nini. Nne, gari mnalolitaka linaruhusiwa kuvuta kilo ngapi kwa mujibu wa kitabu chake, na si kwa mujibu wa muuzaji. Tano, mmetenga kiasi gani kwa ajili ya matairi, bima na matengenezo, kwa sababu kikundi kinachomaliza mkopo wote kwenye gari huanza biashara kikiwa kimeegesha.

Mnapokwenda kulikagua gari, nendeni na fundi wenu wenyewe, na mlipeni wenyewe. Fundi anayelipwa na muuzaji huona ya muuzaji. Lijaribuni mlimani, likiwa na mzigo, na mlijaribu pia mteremkoni. Likikataliwa na fundi, rudini nyumbani bila aibu. Gari jingine litapatikana.

Kwa wazazi na wazee mlioko hapa, ombi langu ni moja. Kijana akija kuwaomba ushauri au mchango wa kununua pikapu, msimuulize kwanza ni ya mwaka gani au ya rangi gani. Muulizeni: "Mwanangu, umepima mzigo?" Akijibu kwa kilo, mpeni baraka. Akijibu kwa jina la gari, mrudisheni kwenye mizani.

Yule dereva niliyemkuta mtaroni bado anaendesha. Nilikutana naye tena mjini, ana tela jingine, fupi kuliko la kwanza. Alinionyesha kebo ya breki kabla hajanisalimu. Aliniambia siku hizi anabeba pikipiki tatu, na kwamba kwa mwezi anapata zaidi ya alivyopata akibeba tano, kwa kuwa hakuna wiki anayokaa gereji.

Ndugu wananchi, Halmashauri inataka mkopo huu uwainue vijana wetu, na inataka urudi ili uwainue wengine. Inataka pia kila kijana anayeshuka mteremko na tela afike chini salama na arudi kwao jioni. Yote mawili yanaanzia mahali pamoja: juu ya mizani, kabla ya gari kununuliwa.